Nikiwasha dibaga tatizo linatoweka: kusimamisha programu bado kuna maana, au tuhamie kwenye tresi?

#1 Nzovwe_Boy
Wakuu, habari za leo.

Nina programu ya mizani kwenye kituo cha kukusanyia parachichi huku Rungwe. Mizani inatuma uzito kwenye laptopu kwa waya wa siriali, Python inasoma, karani anachagua jina la mkulima na kubonyeza "Hifadhi", rekodi inapanda seva, mkulima anapata meseji. Tatizo ni kwamba mara mojamoja mkulima anaandikiwa kilo za yule aliyemtangulia. Juzi mzee mmoja kagoma kabisa, kasema kreti zake hazipakiwi mpaka laptopu imwombe radhi.

Nikiweka brekipointi (alama ya kusimamisha programu kwenye mstari fulani) kwenye fanksheni ya kuhifadhi nikaenda mstari kwa mstari, uzito uko sahihi. Nikiitoa, kazi inaendelea, na baada ya muda malalamiko yanarudi.

Sasa nina dai, na ninalitoa makusudi: dibaga, zana ya kusimamisha programu na kuichungulia ndani, ni ya kufundishia mwaka wa kwanza. Kazi yenye waya, mtandao na watu kwenye foleni haisimamishwi. Iache ikimbie, iandike kila inapopita pamoja na saa, wewe usome baadaye; hiyo ndiyo tresi. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kihesa_Kwetu
Kamwene. Nimekuja kubisha.

Mimi niko Iringa, natengeneza mifumo ya ada za shule. Kuna shule salio la mwanafunzi mmoja kati ya mamia lilikuwa linatoka hasi, wengine wote sawa. Niliweka brekipointi yenye sharti: simama pale tu namba ya mwanafunzi ikiwa hii na salio likishuka chini ya sifuri. Nikaacha programu ichape kazi. Iliposimama, nikapanda steki ya miito ngazi kwa ngazi, nikaona nani kamwita nani, nikakuta punguzo la ndugu wanaosoma shule moja linakatwa mara mbili. Kazi imeisha kabla chai haijapoa.

Kwa tresi ningekuwa nasoma logi ya shule nzima kutafuta mstari ambao pengine haumo, kwa sababu sikuwa nimewaza kuuandika. Tresi inakujibu maswali uliyouliza jana. Dibaga unaiuliza hapohapo, na jibu likikupa swali jipya unauliza tena.

#3 Mkangafu
Laptopu iombe radhi kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili? Tuanzie hapo.

#4 Dada_Tukuyu
@Nzovwe_Boy una thredi ngapi, yaani kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu? Nahisi moja inasoma mizani, nyingine ni ya dirisha lenye kitufe, na katikati kuna variabo moja inayobeba "uzito wa mwisho". Kama ndivyo, karani mwenye mkono mwepesi anabonyeza kabla msomaji hajaweka uzito mpya, basi anabeba wa zamani. Wewe ukisimama kwenye brekipointi unakodolea skrini, huku nyuma msomaji anapata muda wa kutosha kuweka namba mpya. Dibaga inampa msomaji nafasi ambayo karani hampi.

#5 Kijana_wa_Sido
Hapana dada. Dibaga ikisimama programu nzima inasimama, huyo msomaji naye angeganda. Hiyo nadharia inakufa hapo.

#6 Dada_Tukuyu
Inategemea dibaga gani, kaka. gdb, ya programu za C na jamaa zake, kwa kawaida inasimamisha thredi zote kwa pamoja. pdb inayokuja na Python inasimamisha ile thredi iliyofika kwenye brekipointi tu, nyingine zinaendelea na safari. Jaribu mwenyewe: fungua thredi inayoprinti saa kila sekunde, kisha weka `breakpoint()` kwenye thredi kuu. Utaona saa zinamwagika juu ya maandishi yako.

#7 Kijana_wa_Sido
Nimejaribu, zinamwagika. Haya. Lakini hujathibitisha kwamba ana thredi mbili.

#8 Nzovwe_Boy
Thredi ni mbili. Na ni pdb. Dada ni mganga?

#9 fundi_mizani
Mnahangaika na thredi, mimi natengeneza mizani hapa Mwanjelwa. Sikilizeni.

Mizani nyingi za kidijitali zinatanguliza herufi kwenye kila mstari zinaotuma: ST uzito ukishatulia, US ukiwa bado unacheza. Kreti ikitupwa juu ya sahani, namba zinapanda na kushuka kwanza. Sakafu ikiwa ya mbao na watu wanapitapita, ndiyo kabisa. Waandishi wengi wa programu wanachukua ST na kutupa US, na ni sahihi kwa nusu yake, maana hutaki kumwandikia mtu uzito unaocheza. Ila wanasahau kufuta ile ST ya mzigo uliopita. Mzigo mpya haujatulia, karani kabonyeza, programu inatoa namba iliyoshika, ambayo ni ya mtu mwingine.

Ukisimama na dibaga, mizani inatulia, ST mpya inaingia, kila kitu kinapendeza. Hata ungekuwa na thredi moja tu lingetokea.

#10 Parachichi_Hass
Mimi ni mkulima, si mtu wa kompyuta, nimevutwa na neno mizani. Ndugu zangu, kabla hamjaingia ndani ya laptopu, mwangalieni anayebonyeza. Mbona makosa ya mizani yanampunguzia mkulima tu na hayamzidishii? Huyo mdudu mnayemtafuta ana miguu miwili na anavaa koti.

#11 Nzovwe_Boy
@Parachichi_Hass shikamoo mzee wangu. Yamewahi kumzidishia pia, ila aliyezidishiwa haji kulalamika. Nimeliona kwenye rekodi zenyewe, watu wawili wanaofuatana wana kilo zilezile mpaka nukta.

#12 Parachichi_Hass
Marahaba. Sijashawishika, lakini endeleeni.

#13 Mwl_Iyunga
Naona vijana mnadhani mjadala huu umeanza na VS Code.

Pale Cambridge, kwenye mashine ya EDSAC, Stanley Gill alichapisha mwaka 1951 njia ya kuendesha programu chini ya programu nyingine inayochapa kila agizo linapotekelezwa. Ile ndiyo tresi. Mashine ilikuwa moja na foleni ya watu, hivyo kuisimamisha ili mtu mmoja aangalie taa zake ilikuwa anasa. Dibaga ya kukaa nayo na kuongea nayo ilikuja kupata jina miaka kumi baadaye, na DDT kwenye PDP-1 pale MIT mwaka 1961, kwa sababu sasa mtu aliweza kuikalia mashine peke yake. Uchaguzi wa zana umekuwa ukifuata bei ya kusimamisha mashine. Nzovwe_Boy ana foleni ya wakulima, Kihesa hana foleni, kwa hiyo kila mmoja anatetea mazingira yake.

Mfano mkubwa zaidi ni chombo cha Pathfinder kilichotua Mirihi 1996. Kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Hapo dibaga utaipeleka kwa basi gani? Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliendesha nakala yake hapa duniani huku tresi imewashwa mpaka tatizo likajirudia, wakaona mpangilio wote: kazi ya vipimo vya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, imeshika kufuli (ruhusa ya kugusa data, ya kazi moja kwa wakati), kazi za kati zinaipita na kuinyima nafasi, kazi kubwa inasubiri kufuli hiyohiyo, na mlinzi wa muda akiona kazi kubwa haijamaliza anawasha upya kompyuta. Kusingekuwa na mstari mmoja wa kuwekea brekipointi, kila mstari peke yake ulikuwa sahihi.

#14 Kihesa_Kwetu
Mwalimu, kilirushwa Desemba 1996, kikatua tarehe 4 Julai 1997.

Na umeacha nusu inayonifaa mimi. Mfumo endeshi wao wa VxWorks ulikuwa na mkalimani wa C ndani yake, wa kutekeleza amri papo hapo, zana ya dibaga kabisa, waliisahau imewashwa. Ndiyo waliyotumia kubadili thamani kule Mirihi ili kazi ya chini irithi kipaumbele. Bila dibaga wangebaki na tresi nzuri na chombo kibovu.

#15 Mwl_Iyunga
Tarehe sawa. Hilo la mkalimani ni simulizi iliyozunguka sana, na Glenn Reeves aliyeongoza timu ya programu pale JPL alilisahihisha mwaka huohuo: hawakutumia mkalimani kubadili, walikuwa na utaratibu wao wa kutuma tofauti kati ya programu iliyo chomboni na ile wanayoitaka. Na zana za uchunguzi hazikusahauliwa, ziliachwa makusudi, kwa msimamo kwamba unachopima ndicho unachorusha. Hazikutumika safarini kwa sababu baadhi zilizalisha taarifa nyingi kuliko kiungo cha redio kingeweza kubeba.

#16 Kihesa_Kwetu
Sawa mwalimu, ila umenisaidia. "Taarifa nyingi kuliko kiungo kingeweza kubeba" ndiyo bili ya tresi ambayo mleta uzi haitaji. Kuna mteja mmoja huku, sitamtaja, aliambiwa na kijana wake aandike kila kitu. Usiku mmoja diski ya seva ikajaa logi, databesi ikakosa pa kuandika, asubuhi mapokezi hawawezi kumpokea mgonjwa. Tresi iliua mfumo iliokuja kuutibu.

#17 Kabwe_Techi
Hapo ni kukosa kuzungusha mafaili ya logi, siyo kosa la tresi. Na wenye mzigo mkubwa hawaandiki kila kitu, wanachukua sampuli. Google walipoeleza mfumo wao wa tresi, Dapper, mwaka 2010 walitaja ombi moja kati ya 1,024 kwa huduma zenye pilika nyingi, na likawatosha.

Kwangu mimi hakuna mjadala kabisa. Nafanya menyu za USSD. Mteja anapiga namba, seva ya mtandao wa simu inaniuliza, mimi najibu. Nikisimamisha programu nisome variabo, kikao kinakufa kwenye simu ya mteja, anapiga upya, sasa nina kikao kingine na swali langu la kwanza limepotea. Na yale majibu ya malipo ya simu yakichelewa kupokelewa, upande wa pili unayatuma tena. Kwa hiyo dibaga siyo tu inaficha makosa, inaweza kutengeneza mapya: umesimama unafikiria, malipo yameingia mara mbili.

#18 Kihesa_Kwetu
Malipo yakiingia mara mbili kwa sababu ulichelewa, kosa lilikuwepo kabla ya dibaga. Siku mtandao ukiwa mzito yangeingia mara mbili bila wewe kuwepo. Ishukuru dibaga.

#19 Kabwe_Techi
Hahaha. Hiyo nimeimeza.

#20 Mbao_Mafinga
Jamani nami niwape ya huku Mafinga, baridi imetukausha midomo.

Tuna tanuri la kukaushia mbao, ndani kuna ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, inayosoma joto na unyevu na kuendesha hita na feni. Kijana wetu alikuja na kifaa cha JTAG, cha kuidibagi chipu moja kwa moja, kasimamisha programu katikati ili aone rejista. Programu imesimama, sawa. Ila pini ya rilei inabaki ilivyokuwa, na ilikuwa imewasha. Hita inaendelea kuchemsha na hakuna anayesoma joto. Nilinusa mbao kabla hajamaliza kusoma rejista zake. Tangu siku ile JTAG ni ya mezani tu, tanurini ni tresi.

Lakini msidhani tresi haigusi kitu. Kwenye Arduino Uno tuliyoanza nayo, bafa ya siriali (pa kuweka herufi zinazosubiri kutoka) ni baiti 64. Kwa kasi ya 9600 unapitisha herufi kama 960 kwa sekunde. Ukiprinti sentensi ndefu kila mzunguko, bafa inajaa na programu inasimama kusubiri herufi zitoke. Basi umeweka dibaga bila kujua. Sisi tulifupisha tukawa tunatuma herufi moja kwa kila tukio, H hita, F feni, na tafsiri inafanyika kwenye laptopu.

#21 Kijana_wa_Sido
Kwa hiyo tatizo la mleta uzi lina jina, ni haizenbagi, kosa linalotoweka ukilichungulia. Limepewa jina la programa wa zamani Mjerumani.

#22 Dada_Tukuyu
Werner Heisenberg alikuwa mwanafizikia. Aliyeliingiza neno kwenye maandishi yanayojulikana ni Jim Gray wa Tandem mwaka 1985, alipokuwa anaeleza kwa nini kompyuta husimama na nini kifanyike.

#23 Mwl_Iyunga
Nyongeza ndogo: kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika na lile jambo la kipimo kuvuruga kinachopimwa ni vitu viwili, watu huvichanganya. Lakini jina limeshaota mizizi.

#24 Mkangafu
Mwalimu akisema nyongeza ndogo, andaa daftari.

#25 Nzovwe_Boy
Wakuu, nilifanya mlivyosema, nikaweka logi ya kila mstari unaotoka mizani na kila mbonyezo wa kitufe, pamoja na jina la thredi. Leo asubuhi limetokea. Kipande chenyewe hiki:

```
10:42:07.118  msomaji  ST,GS,+0038.5kg
10:42:07.316  msomaji  ST,GS,+0038.5kg
10:42:09.902  kitufe   hifadhi  mkulima=0417  uzito=38.5
10:42:10.120  msomaji  US,GS,+0021.7kg
10:42:10.322  msomaji  US,GS,+0012.0kg
10:42:13.871  kitufe   hifadhi  mkulima=0418  uzito=38.5
10:42:14.007  msomaji  ST,GS,+0044.0kg
```

0417 ni mama mmoja, kilo zake ni sahihi. 0418 alikuwa na 44.0, kaandikiwa 38.5. Kilo tano na nusu za mtu zimepotea. Semeni.

#26 fundi_mizani
Hapo nimeshamaliza. Mistari miwili ya US ni mzigo wa mama unashushwa. Wa pili umepandishwa, haujatulia, ST mpya imekuja 14.007, karani kabonyeza 13.871. Kamzidi mizani kwa milisekunde 136. Programu ilikuwa bado imeshika 38.5. Futa namba uliyoshika mara tu unapoona US ya kwanza, kitufe kiwe kijivu mpaka ST mpya ije.

#27 Dada_Tukuyu
Fundi, angalia tena. Mizani inatuma mstari kila baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde, si ndiyo? Tazama 07.118 na 07.316, tazama 10.120 na 10.322. Sasa kati ya 07.316 na 09.902 msomaji yuko kimya zaidi ya sekunde mbili na nusu, na kati ya 10.322 na 13.871 yuko kimya sekunde tatu na nusu. Mizani haikuacha kutuma. Kuna kitu kimemfungia msomaji, na kila kimya kinaishia kwenye mbonyezo wa kitufe. Kama angekuwa anasoma, tungeona US nyingi za mzigo wa pili ukipanda. Hakuna hata moja.

#28 Kabwe_Techi
Hivi yule anayetuma rekodi seva na meseji ni thredi ipi? Kama unatuma ukiwa umeshika kufuli ileile inayolinda uzito, basi msomaji anasubiri intaneti ya Rungwe. Ndiyo maana hakuna mistari.

#29 Nzovwe_Boy
Kutuma kunafanyika kwenye thredi ya kitufe, baada ya hifadhi. Kufuli ipo, ndiyo.

#30 Kihesa_Kwetu
Baada ya hifadhi! Lakini kimya cha kwanza kiko KABLA ya hifadhi ya 0417, kinaanza 07.316. Kwa nadharia ya Kabwe hicho kimya kimesababishwa na nani, mkulima 0416? Rekodi yake haimo kwenye kipande chako. Haya ndiyo niliyosema kwenye #2. Tresi imeleta swali jipya na haiwezi kulijibu mpaka kesho. Ningekuwa na dibaga pale ningeuliza hapohapo kufuli iko mkononi mwa nani.

#31 Dada_Tukuyu
Ungekuwa na dibaga pale kusingekuwa na kimya cha kuulizia.

#32 Mkangafu
Uzi umenoga. Nani ana mahindi ya kuchoma?

#33 Mbao_Mafinga
Nami nauliza: hizo saa zinaandikwa lini? Ni saa ambayo mizani ilituma, au saa ambayo laptopu ilipata nafasi ya kuandika? Logi yako inaandika wapi, diski au flashi? Flashi za bei chee zinakwama sekunde kadhaa wakati wa kuandika. Inawezekana kimya chote hicho ni logi yenyewe inasubiri flashi.

#34 Nzovwe_Boy
Flashi. Karani ananiletea jioni.

#35 Mbao_Mafinga
Basi huna tresi ya mizani, una tresi ya flashi.

#36 Dada_Tukuyu
Hapana, msimkatishe tamaa. Kosa lilikuwepo kabla flashi haijachomekwa, kwa hiyo flashi inaweza kueleza kimya lakini haielezi kilo 38.5. Andika matukio kwenye foleni ndani ya kumbukumbu, thredi ya tatu ndiyo iyapeleke diski. Python ina QueueHandler kwenye logi zake tayari. Na saa uichukue pale mstari unaposomwa, siyo unapoandikwa.

#37 Mkwawa_Mdogo
Kuna njia ya tatu mnaizunguka: rekodi uendeshe upya. Kwenye Linux kuna rr, ilianzia Mozilla, inarekodi programu inavyokimbia, halafu unairudia kwa gdb mara unazotaka na hata kurudi nyuma mstari kwa mstari. gdb yenyewe ilipata kurudi nyuma toleo la 7.0 mwaka 2009, ila kwa programu kubwa inachosha. Hapo unapata tresi na dibaga kwenye sahani moja.

#38 Dada_Tukuyu
rr naipenda, lakini inapitisha thredi zote kwenye kiini kimoja cha prosesa. Mashindano ya thredi mengine hayatokei kabisa humo. Waliongeza hali ya vurugu kwa ajili hiyo, inachanganya zamu za thredi makusudi. Na mleta uzi, laptopu ya karani ni Linux?

#39 Nzovwe_Boy
Windows. Na ina chaji nusu saa.

#40 Mkwawa_Mdogo
Ndaga fijo, nimekaa chini.

#41 Wakili_Mdogo
Samahani kuingilia. Safari hii umeficha majina, vizuri. Lakini flashi inayotembea na karani ina namba za simu na kilo za wakulima wote? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, nayo inahusu pia kikampuni chenye laptopu moja. Kwenye tresi andika namba ya mkulima tu, jina na simu vibaki kwenye databesi.

#42 Mwl_Iyunga
Wakili kagusa jambo ambalo hata wanafunzi wangu hawalipendi. Dibaga ikifungwa, ulichokiona kimeondoka. Tresi inabaki kwenye diski miaka.

Na kwa kuwa mleta uzi alisema dibaga ni ya mwaka wa kwanza: ndiyo, na siyo dogo. Mwanafunzi akiona kwa macho fanksheni inajiita yenyewe, steki inakua, kisha inashuka huku kila ngazi ina variabo zake, huwezi kumpa hilo kwa printi. Linus Torvalds aliikataa dibaga ndani ya kerneli (kiini) ya Linux kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba inawazoesha watu kutibu dalili. Dibaga ya kgdb iliingia toleo la 2.6.26 mwaka 2008, na toleo lililofuata, mwaka huohuo, likaingiza tresi ya ftrace. Waliishia kuwa na vyote viwili, na wanaendelea kugombana.

#43 Parachichi_Hass
Nimesoma yote. Yule mzee wa 0418 kalipwa kilo tano na nusu zake?

#44 Nzovwe_Boy
Kalipwa leoleo mzee wangu, nimesimamia mwenyewe. Ni yuleyule aliyegoma juzi, sasa anasimama nyuma ya karani na kusoma namba kwa sauti kabla kitufe hakijabonyezwa.

#45 Parachichi_Hass
Huyo ndiye mfuatiliaji. Mpeni mshahara.

#46 fundi_mizani
Na akisoma kwa sauti, uzito unatulia. Nimesema tangu #9. Kijana, weka kitufe kijivu tu, uachane na haya ya kufuli.

#47 Dada_Tukuyu
Na akisoma kwa sauti, msomaji anapata muda. Nimesema tangu #4. @Nzovwe_Boy nakuomba ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Anza na kuhamisha kutuma nje ya kufuli, kitufe kijivu usikiweke bado, la sivyo yatatulia na hatutajua nani alikuwa sahihi.

#48 Nzovwe_Boy
Dada, wakulima watanipiga mawe wakijua nimeacha kosa makusudi ili tumalize ubishi. Kitufe kijivu naweka leo usiku. Tresi inabaki imewashwa, vimya vikiendelea nitavileta hapa.

#49 Kihesa_Kwetu
Na ukipata nafasi siku kituo kimefungwa, weka brekipointi yenye sharti kwenye msomaji: simama kama mstari uliopita una zaidi ya sekunde moja. Hakuna foleni siku hiyo, hakuna atakayekufa.

#50 Kijana_wa_Sido
Nje ya mada kidogo: huo waya wa USB kwenda siriali mnanunua wapi hapa Mbeya? Wangu Windows mpya inaukataa kabisa.

#51 fundi_mizani
Una chipu ya PL2303 bandia. Zimejaa, na draiva mpya zinazitambua na kuzigomea. Njoo Mwanjelwa na laptopu tuujaribu kabla hujalipa.

#52 Nzovwe_Boy
Ngoja kwanza. Wa kwangu nao ni PL2303, niliuweka kwa draiva ya zamani ndiyo ukakubali. Huo waya unaweza kunyamaza sekunde tatu?

#53 Dada_Tukuyu
Fundi usimjibu.